Kucheza Doom bega kwa bega mtandaoni, Tanga hadi Bagamoyo: mwongozo kamili

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu Doom, gemu la kupiga risasi, ni hili: "Kaka, kwangu inafunguka, kwake inafunguka, ila hatuonani." Mmoja yuko Ngamiani, Tanga, mwenzake yuko Bagamoyo. Kila mmoja ana gemu na ana bando, na wote wameshaangalia video tatu zinazowaambia waingie kwenye ruta wafungue poti, yaani mlango wa kupokea mawasiliano kutoka nje. Wamefungua. Bado hawaonani.

Gemu halina kosa. Kosa liko kwenye anwani ya IP, ile namba inayoitambulisha kompyuta mtandaoni. Wanaotengeneza video zile wana intaneti yenye anwani yake yenyewe, na wewe unayetumia ruta ya laini au hotspoti ya simu huna. Kwa hiyo hapa hatutagusa ruta kabisa. Fuata hatua kwa mpangilio, na usiende ya pili kabla ya kwanza haijakubali. Wengi wanaokwama wameruka hatua ya 3 au ya 5.

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta ya Windows kwa kila mchezaji. Laptop ya zamani inatosha. Doom ilitoka 1993, haihitaji mashine ya kutisha.
- Zandronum, programu inayoendesha Doom kwa njia ya mtandao. Ni ya bure, inapatikana kwenye tovuti yao wenyewe, zandronum.com.
- Freedoom, yaani ramani, picha na sauti. Nayo ni ya bure kihalali, kwa hiyo hakuna haja ya kuomba faili la wizi kwa mtu. Tunachokitaka humo ni faili moja tu: `freedoom2.wad`. Mwenye Doom II aliyoinunua anaweza kutumia `doom2.wad` badala yake, ila basi wote muwe nayo.
- ZeroTier, programu ya kuunda mtandao wenu wa faragha. Kwa kikundi cha watu wanne hamlipi kitu.
- Kundi la WhatsApp la kutumiana anwani na kuulizana "umeingia?"
- Saa moja ya maandalizi, mchana. Usianze kusakinisha saa tatu usiku wakati wenzako wameshakaa wanasubiri.

### Kwa nini Zandronum?

Programu za kuendesha Doom ni nyingi, na GZDoom ina picha nzuri zaidi. Lakini nyingi kati yake huunganisha wachezaji kwa mtindo wa zamani: kila kompyuta inasubiri nyingine kabla ya kusogea. Mmoja mtandao wake ukikwama, wote mnaganda kama sanamu. Na mkishaanza, aliyetoka hawezi kurudi.

Zandronum ina seva, yaani programu ya kati inayoendesha mchezo, na kila mchezaji anazungumza na seva tu. Mwenye mtandao mbovu anateseka peke yake. Umeme ukikatika Chumbageni, mtu anawasha hotspoti ya simu na kurudi kwenye ramani ileile, wenzake wakiwa bado wanapigana. Kwa mazingira yetu, sababu hiyo moja inanitosha.

## Hatua ya 1: Teueni mwenyeji mmoja

Mwenyeji ndiye atakayewasha seva kwenye kompyuta yake. Wengine wote ni wageni. Wakijitokeza wenyeji wawili, kila mmoja atakuwa kwenye ulimwengu wake, mtatafutana mpaka asubuhi.

Msichague mwenye kompyuta kali. Chagueni mwenye intaneti iliyotulia na betri inayokaa. Kati ya mwenye intaneti ya waya nyumbani na mwenye ruta ya laini, mchukueni wa waya. Kama wote mna laini, mwenyeji awe yule ambaye kasi yake haipandi na kushuka. Kasi kubwa inayoyumba ni mbaya kuliko ndogo iliyonyooka.

Mmefanikiwa ikiwa: kila mtu kwenye kundi anamjua mwenyeji kwa jina.

## Hatua ya 2: Faili zilezile kwa wote

Tengeneza folda `C:\Zandronum`, fungulia humo kila kilichomo kwenye faili la zip la Zandronum, kisha weka `freedoom2.wad` humohumo. Usiiweke kwenye Desktop wala ndani ya Program Files. Desktop mara nyingi inakuja na njia ndefu yenye nafasi katikati ya maneno, na Program Files inazuia programu kuandika mipangilio yake.

Usifungue gemu ndani ya zip bila kuitoa. Windows hukuonyesha vilivyomo kana kwamba ni folda ya kawaida, ukibofya inalalamika kwamba kuna faili halipo.

Sasa hakikisheni mna kitu kimoja. Ndani ya folda ile, bofya kwenye kisanduku cha anwani pale juu, futa kilichomo, andika `cmd`, bonyeza Enter. Litafunguka dirisha jeusi. Andika:

`certutil -hashfile freedoom2.wad SHA256`

Itakuja safu ndefu ya herufi na tarakimu. Kila mtu atume herufi sita za mwisho kwenye kundi. Zikilingana, faili ni lile lile. Zikitofautiana, yupo aliyepakua toleo jingine, na seva itamkataa, kwa sababu Zandronum hulinganisha ramani za mgeni na za mwenyeji kabla ya kumruhusu.

Hili nililijua kwa machungu. Kuna Ijumaa tulipoteza jioni nzima tukilaumu mtandao wa Bagamoyo, kumbe jamaa yangu kule alikuwa na Freedoom ya zamani aliyoitoa kwenye flashi ya mtu. Tangu siku hiyo sisemi neno kuhusu mtandao kabla sijaona zile herufi sita.

Toleo la Zandronum nalo liwe moja. Angalieni namba yake kwenye jina la faili la zip mlilopakua.

Mmefanikiwa ikiwa: herufi sita zinafanana kwa wote.

## Hatua ya 3: Cheza peke yako kwanza

Bofya `zandronum.exe` mara mbili. Ikikuuliza uchague gemu, chagua Freedoom: Phase 2. Anza gemu jipya, tembea, piga risasi, fungua mlango mmoja.

Kama hapa hapaendi, mtandao hautakusaidia. Picha zikiwa nyeusi au programu ikijifunga, sasisha dreva ya kadi ya picha. Ikisema haioni faili lolote la gemu, `freedoom2.wad` yako haipo kwenye folda moja na `zandronum.exe`.

Ukiwa humo panga vitufe vyako na andika jina lako kwenye mipangilio ya mchezaji. Watu wanne wanaoitwa "Player" hawawezi kuitana msaada.

## Hatua ya 4: Jengeni mtaa wenu wenyewe

Hapa ndipo video zinapowaacha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fikiria nyumba ya kupanga: vyumba kumi, uani mmoja, mlango wa mbele mmoja. Mpangaji akimtuma mtoto dukani, mtoto anarudi chumba alichotumwa, kwa sababu anajua alikotoka. Lakini akija mgeni kutoka mbali na anwani ya nyumba tu, anafika mlangoni hajui abishe chumba gani, na mwenye nyumba hamjui anayetafutwa. Anarudi alikotoka.

Kampuni za simu zinafanya hivyohivyo. Anwani za IP za aina ya zamani ni chache, kwa hiyo wateja wengi wanapangishwa nyuma ya anwani moja. Wewe ukifungua tovuti, jibu linakurudia vizuri. Rafiki yako akijaribu kuingia kwako bila wewe kuanza, anaishia mlangoni. Poti uliyofungua kwenye ruta yako ni ya mlango wa chumba chako tu. Ule wa nje hauna ufunguo wake.

Ukitaka kuhakiki, ingia kwenye ukurasa wa ruta uangalie anwani iliyopewa upande wa intaneti. Ikianza na 10, au 192.168, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, wewe ni mpangaji.

ZeroTier inaondoa tatizo kwa kuzifanya kompyuta zote zianze mazungumzo kutoka ndani, halafu inaziweka kwenye mtaa mmoja wa kubuni ambapo kila moja ina anwani yake. Kwa gemu, ni kama mko sebule moja.

Mwenyeji afanye hivi:

1. Sakinisha ZeroTier kwenye kompyuta.
2. Fungua akaunti kwenye tovuti ya ZeroTier na uunde mtandao mpya. Utapewa namba ya mtandao yenye herufi na tarakimu 16.
3. Uache mtandao ukiwa wa faragha. Ukiuweka wazi, yeyote mwenye namba hiyo anaingia mtaani kwenu, na huko zimo kompyuta zenu zote.
4. Tuma namba ya tarakimu 16 kwenye kundi.
5. Bofya alama ya ZeroTier chini kulia karibu na saa, chagua kujiunga na mtandao, bandika namba. Wewe mwenyewe pia unajiunga! Kuunda mtandao hakukuingizi ndani.

Wageni wafanye hivi: sakinisha ZeroTier, jiunge kwa namba ileile, basi. Hamhitaji akaunti.

Kisha mwenyeji arudi kwenye tovuti, ataona orodha ya kompyuta zinazobisha hodi. Kila moja lazima aiidhinishe kwa kuitia alama. Asipofanya hivyo, mgeni ataona amejiunga lakini hana anwani. Nimepigiwa simu kwa ajili ya hili tu mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Mgeni njoo mwenyeji apone, sawa, lakini mwenyeji naye afungue mlango.

Windows ikikuuliza kama kompyuta yako ionekane na nyingine kwenye mtandao huu mpya, jibu ndiyo. Ukijibu hapana inauhesabu kama mtandao wa hadharani, sawa na Wi-Fi ya stendi, na kuubana.

Mmefanikiwa ikiwa: kwenye tovuti, kila mmoja ana anwani mbele ya jina lake, mfano 10.147.17.5. Anwani ya mwenyeji ndiyo muhimu. Iandikeni mahali. Haibadiliki hata akibadilisha laini.

*Kama mko nyumba moja kwenye Wi-Fi moja, rukeni hatua hii. Tumieni anwani ya kawaida ya mwenyeji inayoanza na 192.168.*

## Hatua ya 5: Ukuta wa moto wa Windows

Mwenyeji tu. Kwenye kitafutio cha Windows andika `Allow an app through Windows Firewall`, bofya kitufe cha kubadilisha mipangilio, kisha ongeza `C:\Zandronum\zandronum.exe`. Tia alama visanduku vyote viwili, cha Private na cha Public.

Kwa nini viwili? Kwa sababu Windows mara nyingi huuchukulia mtandao wa ZeroTier kuwa wa hadharani hata kama nyumbani kwako ni wa faragha. Ukitia alama kimoja, utaona kila kitu kiko sawa na bado wageni hawaingii.

Ukiwa na antivairasi nyingine yenye ukuta wake, rudia humo pia. Usizime ukuta wote kama wanavyoshauri wengine. Unairuhusu programu moja, huvunji uzio.

Tahadhari moja inayowachanganya hata mafundi: watu hupima kwa amri ya `ping`, wakikosa jibu wanasema mtandao umekufa. Windows yenyewe inakataa kujibu `ping` kwenye mtandao wa hadharani. Ukipata jibu, vizuri. Usipopata, endelea tu hatua ya 6, huenda gemu likapita.

## Hatua ya 6: Mwenyeji awashe seva

Fungua Notepad, andika mstari huu wote bila kuukata:

`zandronum.exe -host -iwad freedoom2.wad -port 10666 +cooperative 1 +map MAP01 +skill 2 +sv_maxclients 4 +sv_maxplayers 4 +sv_updatemaster 0 +sv_hostname "Wana wa Tanga"`

Uhifadhi ndani ya `C:\Zandronum` kwa jina `seva.bat`. Pale pa kuchagua aina ya faili, chagua `All files`, la sivyo Notepad itaongeza mkia na utapata `seva.bat.txt`, ambayo ukiibofya inafunguka Notepad tena.

Maana ya kila kipande:

- `-host` inaiambia Zandronum iwe seva.
- `+cooperative 1` ndiyo inayowaweka upande mmoja.
- `+map MAP01` ni ramani ya kuanzia. Freedoom Phase 2 ina ramani 32, mbili kati yake za siri.
- `+skill 2` ni ugumu wa kati. Hesabu inaanzia 0 hadi 4. Kikundi kipya kisianze na 4, hamtavuka ramani ya tatu.
- `+sv_updatemaster 0` inazuia seva yenu isitangazwe kwa dunia nzima.

Bofya `seva.bat`. Hapa wenyeji wengi huchanganyikiwa, kwa sababu gemu halitokei. Linatokea dirisha la maandishi tu. Hiyo ndiyo seva, imeshawaka, inasubiri watu. Usilifunge. Lishushe chini.

Mwenyeji naye anaingia kama mgeni, kwa kufungua Zandronum mara ya pili. Tengeneza faili jingine, `ingia.bat`:

`zandronum.exe -iwad freedoom2.wad +connect 127.0.0.1:10666`

Umefanikiwa ikiwa: unaona ramani, na kwenye dirisha la seva limetokea jina lako kwamba umeunganishwa. Mwenyeji akishindwa kuingia kwake mwenyewe, asiwaite wageni kwanza. Arudi hatua ya 3.

## Hatua ya 7: Wageni waingie

Kila mgeni atengeneze `ingia.bat` yake, akiweka anwani ya ZeroTier ya mwenyeji (yenu, msinakili ya mfano):

`zandronum.exe -iwad freedoom2.wad +connect 10.147.17.5:10666`

Ukiingia utajikuta unaelea kama mzuka, unaona lakini hupigi. Hujakosea. Zandronum humwingiza mtu kama mtazamaji kwanza. Bonyeza kitufe cha kufungulia milango, au fungua konsoli (sehemu ya kuandikia amri) kwa kitufe kilicho chini ya Esc na uandike `join`.

Shikilia kitufe cha kuonyesha alama za wachezaji (kitafute kwenye mipangilio ya vitufe): majina ya wote yataonekana, pamoja na ping ya kila mmoja, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, kwa milisekunde.

## Mmeingia, lakini kunakwama

Ping ya chini ya 100 ni raha. Mpaka 150 mnaweza kuvumilia, kwa sababu Zandronum hufidia ucheleweshaji unapolenga kwa bunduki za risasi. Makombora hayafidiwi, kwa hiyo mwenye ping kubwa abaki na shotigani.

Ikifika 300 na watu wote mko Tanzania, kuna jambo. Mwenyeji afungue Command Prompt kama msimamizi aandike:

`zerotier-cli peers`

Angalia mistari yenye neno `LEAF`, hao ndio wenzako. Mbele yao ukiona `DIRECT`, mnaongea uso kwa uso. Ukiona `RELAY`, ZeroTier imeshindwa kuwakutanisha na inapitisha kila risasi kwenye seva zake za mbali. Yaani mtu wa Raskazone, Tanga, anapiga zimwi, habari inavuka bahari kwanza ndipo ifike Bagamoyo.

Dawa, kwa mpangilio wa gharama:

1. Zimeni masasisho ya Windows na vipakuzi vyote, muanze upya ZeroTier.
2. Mwenyeji abadilishe njia: kutoka ruta kwenda hotspoti ya simu ya mtandao mwingine, kisha mpime tena. Mara nyingi mpangilio wa kampuni moja unakubali pale wa nyingine ulipogoma.
3. Badilisheni mwenyeji. Akiwepo mwenye intaneti ya waya, hata kama yuko Dar es Salaam, mpeni yeye.
4. Kodini seva ndogo ya Linux, ikiwezekana yenye kituo Johannesburg badala ya Ulaya. Yenye RAM ya GB 1 inatosha. Humo mnaendesha `zandronum-server` kwa mstari uleule wa hatua ya 6 bila `-host`, na mnafungua poti kwa `sudo ufw allow 10666/udp`. Seva hiyo ina anwani yake halisi, kwa hiyo ZeroTier haihitajiki tena. Lakini wekeni nywila: ongezeni `+sv_password nenolenu +sv_forcepassword 1`, na kila mgeni aongeze `+cl_password nenolenu` kabla ya `+connect`.

Mimi binafsi singekimbilia namba 4. Kuilipia kila mwezi kwa ajili ya Jumamosi mbili hakuna hesabu.

## Mkishaanza kucheza

Bunduki na funguo hubaki mahali pake hata mwenzako akiziokota, kwa hiyo hakuna haja ya kusukumana. Dawa na risasi hazibaki. Mwenye afya 90 aache sanduku la dawa kwa mwenye 20, na aliyekufa akarudi na bastola apewe nafasi ya kukusanya kabla ya mlango unaofuata kufunguliwa.

Seva ya Zandronum haihifadhi mchezo. Kila mnapomaliza ramani, mwenyeji aandike namba yake kwenye kundi. Betri yake ikiisha mkiwa ramani ya saba, siku nyingine anafungua `seva.bat` kwa Notepad, anabadilisha `MAP01` iwe `MAP07`, na wageni wanabofya `ingia.bat` ileile.